Maji ya Nahodha Ladha

Uingereza, 2 Juni 1911

Kwa Shangazi yangu mpenzi, Bi Nazmin binti Haji Osman, Malindi.

Shikamoo Shangazi. Nakubusu mikono yote miwili kutoka mbali. Mimi mzima, ila baridi, ambayo huku wanaiita kiangazi na kuisifu. Nakaa kwa mjane mmoja anayepika viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni akiona uso wangu umekunjamana huvibadilisha kwa kuviponda. Mpe Sakina salamu zangu, mwambie kaka yake hajamsahau. Msalimie na Gokaldas wa dukani, maana bila yeye barua zetu zingefungiwa bizari kabla hazijakufikia.

Ama baada ya salamu, nina neno. Tasnifu yangu imekaribia kwisha. Unajua ni habari ya vita vya majini vya pwani yetu zama za Mreno. Mwisho wa mwaka nitasimama mbele ya maprofesa watatu niitetee kwa mdomo, wao wakinichimba, na nikishinda nitapewa shahada ambayo hapo mjini hakuna hata anayejua kuitaja.

Sura ya nne inamhusu babu yetu, Nahodha Ladha. Shangazi, kaa kitako kwanza. Ile hadithi uliyonilea nayo, kwamba aliogelea na kisu menoni akaitia moto meli ya Mreno, si kweli. Hakuna meli iliyoungua Malindi mwaka ule, wala mwaka wowote wa maisha yake. Watu wa Malindi walikuwa marafiki wa Mreno. Ugomvi wao ulikuwa na Mombasa. Babu yetu alikuwa akiziuzia meli hizo maji. Alikuwa na kisima na mashua zake za kupakia mapipa, basi. Wareno wawili wasiojuana wameandika habari zake, na wanasema yale yale.

Najua mtakasirika. Lakini mji mzima unaoringia kisu cha mtu ambaye hakuwa na kisu, mimi nauonea haya. Nimekuambia wewe kabla ya mtu mwingine kwa sababu wewe ndiye uliyenilea.

Mtoto wako,
Jusab


Malindi, 14 Rajabu 1329

Kwa Jusab mwana wa ndugu yangu, aliye kwa Wazungu.

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Paa lilivuja upande wa jikoni, limezibwa. Paka wako kazaa ndani ya kapu la nguo zangu za Idi, na nimemwacha, maana ana adabu kuliko aliyemleta. Sakina mzima, amenishinda kwa urefu na sasa anataka kunishinda kwa ulimi. Gokaldas kapokea salamu zako. Viazi vyako nimevisoma, pole. Uliukimbia wali wa nazi kwa miguu yako mwenyewe, hakuna aliyekufukuza.

Ama hilo neno lako. Nimelisoma nikadhani macho yangu yameharibika. Ala, Jusab! Wewe uliyetapika kwenye kivuko cha Kilifi? Kivuko! Maji yametulia kama ya kwenye beseni, na wanawake wawili wa Matsangoni wakakushika kiuno usije ukatumbukia, nami nimesimama pale natazama pembeni nijifanye sikujui. Wewe ndiwe leo mjuzi wa meli? Babu yako Haji Osman kajenga mashua mpaka mgongo ukapinda. Baba yako kafia baharini. Wewe bahari umeifuata kwenye karatasi, haya, nikanyamaza, nikawaambia watu mtoto anasoma. Kumbe unasoma uje utwambie tumezaliwa na mchota maji!

Sasa nikwambie usilolijua. Sakina kaposwa. Kaposwa na Mzee Mselem kwa mwanawe Athman. Unawajua watu hao, hawaketi baraza moja na muuza samaki. Kwa nini wamekuja kwetu, sisi tuliotoka Kachi ya Uhindini, ambao watu wakikasirika kidogo tu hutukumbusha kwamba tumetoka Kachi? Kwa sababu ya kisu hicho hicho unachokionea haya. Kila harusi ya mji huu sinia la kwanza la wali huletwa nyumba ya Nahodha Ladha, kabla hata ya nyumba ya kadhi. Wewe mwenyewe umelila sinia hilo hata ukalala chali ukilia tumbo. Mzee Mselem alikaa sebuleni kwangu akaniambia kwa kinywa chake, "Bi Nazmin, tunataka damu ya yule aliyemchoma Mreno." Hakusema anataka damu ya muuza maji.

Harusi ni mwakani, baada ya maulidi, katika mfungo saba. Itoe hiyo sura. Andika babu wa mtu mwingine, Mombasa wamejaa tele. Au ingoja mtoto aolewe kwanza, kisha useme utakalo. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Shangazi yako,
Nazmin


Uingereza, 20 Agosti 1911

Kwa Shangazi yangu mpenzi.

Shikamoo. Nimefurahi kusikia paka kazaa na paa limezibwa. Mimi mzima. Mwenye nyumba wangu aliniuliza juzi kama kwetu kuna madirisha. Nikamwambia yapo, na sisi huyafungua. Tangu siku ile hajaniuliza kitu.

Hongera kwa Sakina, ingawa sijui nimpe hongera ya nini. Shangazi, siitoi hiyo sura. Tasnifu yote imesimama juu yake. Nikiitoa, maprofesa wataniuliza kati ya sura ya tatu na ya tano pana nini, nami niwajibu pana posa? Na kungoja haiwezekani, siku ya kuitetea wanaipanga wao.

Huyo Mzee Mselem anachagua mke wa mwanawe kama mtu anayechagua jogoo wa kupiganisha. Damu, damu, damu gani? Angemtazama Sakina mwenyewe, anavyojua kusoma, anavyopika, anavyokujibu wewe, angeona kitu cha kutosha. Lakini watu wa baraza lile hawatazami kitu ambacho hakijafa miaka mia. Nashangaa wewe, mwenye akili uliyonayo, unampikia kahawa.

Hata hivyo usiogope. Nani Malindi atasoma kitabu cha Kiingereza kilichofungiwa kabatini huku? Nitaitetea, nitapewa shahada yangu, na Mselem wako ataendelea kuota kisu mpaka siku ya kufa kwake. Sakina hatadhurika.

Hukuniambia yeye mwenyewe anasemaje.

Mtoto wako,
Jusab


Malindi, 4 mfungo mosi 1329

Jusab,

Marahaba. Idi imepita, tumevaa, tumekula, tumewakumbuka waliokufa. Gokaldas kawaletea watoto wa mtaa halua kama kawaida yake. Mimi mzima. Goti linauma.

Umeuliza Sakina anasemaje. Athman alikuja siku ya Idi kutoa mkono wa Idi, akamwona Sakina ukumbini, akajikwaa kizingiti mzimamzima, kofia huko, mtu huku. Sakina alicheka mpaka akaketi chini. Tangu siku ile akipita mtu barabarani anayevaa viatu vya sauti kama vya Athman, huinua kichwa. Ndivyo anavyosema. Kijana mwenyewe si mbaya, wala si mjinga kama babake. Hili nimekwambia wewe, usilirudishe huku.

Hiyo ndiyo posa uliyoifananisha na majogoo.

Umesema kitabu kitafungiwa kabatini. Kifungie, na huo ufunguo umeze. Mimi siandiki tena mpaka mtoto aolewe.

Nazmin


Uingereza, 6 Desemba 1911

Kwa Shangazi yangu mpenzi.

Shikamoo. Ulisema huandiki, hukusema husomi. Huku giza limeingia. Saa tisa alasiri watu wanawasha taa. Mwenye nyumba wangu kaugua kifua, kwa hiyo wiki hii nimepika mimi. Nimempa wali, kala sahani mbili, akanipa mkono kama mtu aliyetoka kusaini mkataba. Sakina hajambo? Na goti?

Shangazi, nimefaulu. Juzi nimeitetea nikashinda.

Niache nikusimulie, sina mwingine wa kumsimulia. Ni chumba kirefu, ukutani picha za wazee waliokufa zamani, wote wamenikodolea macho. Maprofesa watatu nyuma ya meza. Wa kwanza muungwana, aliniuliza mambo ya maana ya mizinga na matanga. Wa pili alisinzia, na alipoamka akaniuliza lile lile nililokwisha kulijibu. Wa tatu ndiye niliyekuwa nikimwogopa, mzee wa masharubu, ujana wake alitumikia manowari. Huyo aliifungua sura ya nne, akaisoma kwa sauti, akacheka. Wenzake nao wakacheka. Akasema, "Kwa hiyo, Bwana Osman, baada ya kurasa zote hizi tumefika hapa: Wareno walikuwa na meli, na watu wako walikuwa na ndoo."

Damu ilinipanda, Shangazi. Mwaka mzima nimekuwa nikikudharau wewe na kisu chako, na pale, mbele ya masharubu yale, nilikitamani kile kisu. Sikuwa nacho. Nilikuwa na ndoo. Basi nikaitetea ndoo.

Nikamwambia, "Wewe umetumikia manowari. Mabaharia wako walikunywa nini?" Nikamwambia, meli tano zenye mizinga zilitia nanga Malindi, mapipa makavu, watu midomo imepasuka. Jemadari wao akapeleka amri aletewe maji. Nahodha Ladha akamjibu kwamba leo ni Ijumaa, mashua zake hazitoki mpaka aswali na ale. Na jemadari akangoja! Kaandika mwenyewe, kwa hasira, kwamba alingoja. Mwenye mizinga kakaa juani anamngojea mwenye ndoo atoke msikitini, avue kanzu, ale wali wake, anawe. Nikawauliza, "Siku ile, katika bandari ile, mkuu wa jeshi la majini alikuwa nani?"

Mwenye kusinzia akaamka. Yule muungwana akapiga meza kwa furaha. Mwenye masharubu hakucheka tena. Alinichimba muda mrefu juu ya visima, na mapipa, na uzito wa maji, na meli inakwenda umbali gani kabla watu hawajaanza kugombana kwa kiu, na kila swali nikamrudishia. Mwisho akakifunga kitabu akasema, "Ipite." Wakanipa mkono wote watatu. Wake ulikuwa wa baridi, nami nikaubana kwa makusudi.

Nimefurahi hata nimefanya jambo. Sura ya nne nimeifasiri kwa Kiswahili na nimempelekea Mwalimu Shee wa madrasa kwa meli hii hii, aisome barazani baada ya sala ya Ijumaa. Najua nilisema kabatini. Lakini, Shangazi, wakisikia habari ya jemadari kukaa juani watamsahau mwenye kisu siku ile ile. Hata Mselem. Kisu hicho kila mji unacho, mwenye kumngojesha Mreno tunaye sisi. Utaona mwenyewe.

Niandikie, hata neno moja.

Mtoto wako,
Jusab


Malindi, 27 mfungo nne 1330

Marahaba. Mimi mzima, Sakina mzima, goti zima. Salamu zimekwisha.

Neno moja ulilolitaka: mpumbavu.

Sasa nakuongezea mengine bure. Ulisema kitakaa kabatini. Ukakitoa mwenyewe, ukakifasiri mwenyewe, ukakitia stempu mwenyewe. Adui angetaka kutufanyia hivyo angepata taabu, asingejua aanzie wapi. Wewe ulijua.

Mwalimu Shee, ambaye naye akili zake zamtosha yeye na kuku wake, alisimama mbele ya msikiti, watu wamekaa na vikombe vyao vya kahawa, akasoma. Na wewe, msomi, umeandikaje? Umeanza, "Hakuna meli iliyoungua Malindi." Umeanza na hilo! Mzee Mselem akaweka kikombe chini. Akainuka. Wenzake wakainuka. Hiyo Ijumaa yako na jemadari wako juani umewaweka mwisho, Jusab, nyuma ya kurasa za mapipa. Huko kwenye chumba chako watu wanalipwa wasikilize mpaka mwisho. Barazani mtu akisikia "si kweli" ameshavaa viatu, yuko njiani anawahi kumwambia mkewe. Huo mwisho wako mtamu aliusikia muuza kahawa peke yake, na alikuwa akiosha vikombe.

Juzi palikuwa na harusi mtaa wa Shela. Sinia lilipita mlangoni kwetu likaenda kwa kadhi. Lilipita, nikasikia harufu ya iliki, nikasikia na miguu ya wachukuzi wakiharakisha. Sakina alikuwa ameshatandika mkeka. Aliukunja, akaurudisha mahali pake.

Jana kaja Mzee Mselem. Hakuketi. Neno lake ni hili: uandike kwa mkono wako, kwa kiapo, kwamba ulichokisema ni uongo, ulikizusha uwapendeze Wazungu wakupe cheti. Barua hiyo isomwe pale pale barazani. Ikisomwa, harusi ni Alhamisi ya katikati ya mfungo saba kama tulivyopanga. Isiposomwa, posa imevunjika. Athman alikuwa nyuma yake, ametazama ardhi muda wote.

Nimekuletea neno lake. Langu silisemi.

Nazmin


Uingereza, 22 Februari 1912

Kwa Shangazi yangu.

Shikamoo. Mimi mzima. Mwenye nyumba wangu bado anakohoa. Theluji imeanguka, ni kitu cha kutazama siku moja tu. Mpe Sakina salamu, kama anazipokea.

Kiapo kimo ndani ya bahasha hii. Kimeandikwa vizuri, utaona. Nimesema nilizusha, nimesema nilitaka cheti, nimemtaja Mzee Mselem kwa heshima zake zote, nimemwomba radhi yeye na wazee wa baraza. Nimemrudishia Nahodha Ladha kisu chake menoni, na meli nimeiunguza, na nimeongeza na moshi ulioonekana mpaka Kakuyuni, kwa kuwa watu wa namna ile hawashibi.

Nimekiandika nikiwa nimesimama, Shangazi, sikuweza kuketi. Wazee watatu walionisomea sura yangu kwa kicheko sikurudi nyuma mbele yao hata hatua. Na huyu, asiyejua meli ina upande gani wa mbele, kanipindua akiwa amekaa kwenye jiwe la baraza na kahawa mkononi. Namdharau kwa moyo wangu wote. Lakini Sakina huinua kichwa akisikia viatu. Wewe ndiye uliyeniandikia hivyo. Cheti changu hakina viatu.

Waambie wakisome. Mimi sitarudi Malindi. Nimeahidiwa kazi ya kufundisha huku, nitaishika. Siwezi kukaa mji ambao mkono wangu umesomwa ukisema hivi.

Jusab


Malindi, Ijumaa, 17 mfungo saba 1330

Kwa Jusab mwanangu.

Marahaba, na marahaba tena. Mimi mzima ila miguu imevimba kwa kusimama jikoni, nitakwambia kwa nini. Gokaldas mzima, jana alipikiwa chake mbali bila nyama, na alikula kama aliyekuwa amefungwa. Mwenye nyumba wako mpe pole, achemshe tangawizi, na aache viazi.

Kiapo chako kilifika. Nimekitia jikoni chini ya sufuria. Hata kuwaka hakikuwaka vizuri, nilipata taabu kukipuliza.

Usidhani nimekusamehe. Nitakutukana mpaka nife, na nikifa kazi hiyo nimeshamwachia Sakina. Lakini mimi kukutukana ni haki yangu. Nimekuogesha, nimekupangusa makamasi, nimekushika mkono nikakufundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta huu huu. Mselem kakupangusa nini? Nilipouona mwandiko ule ule umeandika "nilisema uongo," nilipandwa na hasira hata buibui nikalivaa upande. Wazungu watatu na masharubu yao hawakukutoa neno hilo, alitoe yeye!

Nikaenda barazani. Ndiyo, mimi, mwanamke, mchana kweupe, wazee wamejaa. Hawakunikaribisha, na sikungoja kukaribishwa. Nikasema, "Mzee Mselem, Jusab hakuandika kitu. Lile alilosema ndilo. Na kwa kuwa uliinuka kabla ya mwisho, nimekuja kukusomea mwisho." Nikamsomea Ijumaa ile, taratibu, sikuruka hata neno: jemadari juani, Ladha anaswali, Ladha anavua kanzu, Ladha anakula. Mzee mmoja akajisahau akacheka. Mselem akasema, "Maji ni maji tu, Bi Nazmin. Posa imevunjika." Nikamwambia, "Haikuvunjika, nimekurudishia. Na ungekuwepo siku ile, Ladha angekupa maji wewe wa mwisho, nyuma ya Wareno."

Nilirudi nyumbani. Kumtukana Mselem ilikuwa rahisi, kumwambia Sakina ndiyo iliyokuwa kazi. Nikamwambia yote, na habari ya kiapo pia. Akaniuliza, "Kaka aliandika hivyo kwa ajili yangu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie asinipende hivyo tena." Kisha akalia. Mimi nami nikalia, mpaka paka akatoka akaenda zake.

Jana ndiyo ilikuwa Alhamisi ya harusi. Mchele umepetwa, mbuzi wamo uani, wapishi wamekuja. Nikasema chakula kitapikwa. Majirani wakaniuliza, "Bi Nazmin, karamu ya nini, si harusi imekufa?" Nikawaambia ni ya Jusab, kashindana na wakubwa wa Kizungu kawashinda. Wakaja wote. Kwa wali hata watu waliokuwa wamekununia huja.

Na mimi nimejifunza kwenye kosa lako, mwalimu mkubwa. Sikuanza na "hakuna meli iliyoungua." Niliweka masinia kwanza. Mtu mwenye tonge mkononi hainuki. Walipokuwa katikati, nikasimama nyuma ya pazia nikaanza na jemadari na kiu yake. Nikawakalisha juani naye mpaka wakaanza kumcheka. Walipokwisha kumpenda Ladha, ndipo nikawaambia kisu hakuna, wala meli haikuungua, na mwanangu ndiye aliyeyajua haya na kuyasimamia peke yake kwa watu wasiompenda. Hakuna aliyeondoka. Mzee mmoja wa Shela akasema, "Ile ya kungoja, hebu irudie." Nikairudia. Hivyo ndivyo inavyotetewa hiyo tasnifu yako, na hapakuwa na mtu wa kusinzia. Ukirudi, na utarudi, hiyo kazi yako ya huko uiage kwa adabu, utasimulia mwenyewe.

Walipokuwa wamekaribia kunawa akaingia Athman. Peke yake, bila babake, bila mshenga. Akakaa mwisho wa mkeka, karibu na viatu, mahali pa mtu asiyealikwa. Nilimwona anavyoona haya, na sikumhurumia. Wali mzuri ulikuwepo tele, na nyama ilikuwepo. Nikaenda jikoni, nikaparuza chini ya sufuria, nikamtolea ukoko uliogeuka mkaa, mkavu, bila mchuzi, nikamwekea mbele kwa mkono wangu kila mtu akiona. Akasema bismillahi akaula. Alitafuna wote, meno yanalia, jasho linamtoka, mpaka sahani ikawa tupu, kisha akakaa pale pale.

Nikarudi nyuma ya pazia. Sakina alikuwa akichungulia. Nilidhani atacheka. Akanivuta mkono, akaniambia, "Shangazi, mwongeze. Na safari hii mtilie nyama."

Shangazi yako,
Nazmin